Baba Ameingia Ziwani

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako zikufikie wewe, wifi na watoto, mkiwa wazima na wenye nguvu. Kikohozi cha yule mdogo kimeshakwisha? Na wifi, mgongo unamwendeaje? Mwambie picha za watoto nilizipata, nimezibandika ukutani juu ya meza ya chai, na Baba kila akipita anauliza ni nani kati yao aliyerithi pua yake, kana kwamba haoni kuwa ni wote. Mimi huku ni mzima wa mwili. Akili ndiyo bado haijarudi mahali pake, na nikimaliza kukueleza utajua kwa nini.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Nimejaribu kupiga. Juzi ulipopokea nikakuuliza habari za mvua, ukanijibu, nikakuaga. Hiyo mvua haikunihusu hata kidogo. Kuna mambo nikiyasema kwa mdomo nitalia, na wewe ukinisikia nalia utadhani Baba amefariki. Basi naanza na hilo: Baba hajafa. Yupo hapa nje kwenye benchi anamenya chungwa, ninamwona kupitia dirisha. Umenielewa? Sasa vuta kiti.

Unakumbuka hali yake baada ya kumzika Mama. Wewe ulirudi kazini kwako mbali, mimi nikabaki naye kwenye ile nyumba ya ghorofani inayotazamana na gereji ya mabasi. Usingizi ulimpotea kabisa. Alfajiri mabasi yakianza kunguruma, yeye alikuwa keshavaa shati na amekaa kitini kama mtu anayesubiri kuitwa. Miguu ilimvimba mpaka viatu vikakataa kuingia. Presha ilipanda, na ikapanda pamoja na hasira: aligombana na redio, akagombana na mfuniko wa sufuria, akagombana na mimi kwa kuweka chumvi, kesho yake kwa kutoweka chumvi. Mtu aliyekereza vyuma kiwandani maisha yake yote bila kutetemeka mkono, akawa anamwaga chai.

Daktari wake wa presha, yule mwenye sauti ya chini mpaka unamsogelea kama anakupa siri, alisema dawa zinafanya kazi yake, lakini mwili hauwezi kutulia mahali ambapo masikio hayatulii. Akaniuliza kama tuna namna ya kuishi karibu na maji. Alisema ameona wagonjwa wake kadhaa wakihamia kando ya ziwa au bahari wanalala vizuri zaidi, wanatembea bila kusukumwa, na moyo unapunguza mbio. Hakuahidi muujiza. Alisema tu kwamba macho yakipata mahali pa mbali pa kutazama, kichwa nacho kinapata pa kupumulia.

Nilipokupigia kukueleza, ulicheka ukasema maji ni maji, hata bombani yapo, nimfungulie Baba bomba nimwekee na kiti. Nikacheka na mimi. Lakini nilipokwambia kwamba nimeshaomba uhamisho kazini, kwenye tawi la kando ya ziwa, kicheko kilikatika. Halafu ukapandisha sauti kama sijawahi kukusikia, ukasema nikimpeleka Baba ziwani likatokea la kutokea, nisikuite mazishini. Niliumia, kaka. Nikajiambia ni uchungu wa Mama unaosema, si wewe.

Na Baba nilipomwambia, alisema, "Mama yenu asingekubali." Nikadhani ndiyo imeisha. Kumbe aliinuka akaenda chumbani akaanza kukunja mashati yake.

Nyumba tuliyopata ina vyumba viwili na kibaraza. Milango yote imevimba kwa unyevu, kwa hiyo hapa hakuna siri, mlango ukifungwa mtaa mzima unajua. Kutoka kibarazani hadi majini ni kushuka kijiteremko cha nyasi, kuvuka njia ya watembea kwa miguu, basi umefika. Duka letu la miwani lipo barabara ya juu. Mimi nakaa chumba cha nyuma, kazi yangu ni ileile ya kukata lenzi na kuzifunga kwenye fremu, mikono ikilowa maji meupe ya kupozea mashine siku nzima. Jirani yetu ni mzee mmoja anayekodisha boti za kukanyaga kwa pedali, zile zenye umbo la bata. Watu wanamwita Nahodha. Hajawahi kuendesha chombo kikubwa kuliko bata, lakini jina analibeba kwa heshima zote.

Mwanzoni Baba alikaa kibarazani akiwa ameligeuzia ziwa mgongo. Nisikilize vizuri: tumehama mji mzima kufuata maji, na yeye anageuza kiti anatazama ukuta. Sikumwambia kitu. Baadaye kiti kikawa cha ubavu. Baadaye tena nikarudi kutoka kazini nikakuta kimegeuka kabisa, na yeye ameegemea nyuma, mikono kichwani, anasikiliza. Usiku ule alikoroma. Sijawahi kufurahia kelele kama ile.

Kutoka hapo mambo yalikwenda yenyewe. Akaanza kutembea kandokando ya maji asubuhi, kwanza mpaka kwenye bata wa Nahodha, kisha mpaka kwenye mawe, kisha mpaka mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika. Miguu ikanywea. Hamu ya kula ikarudi, akawa anadai samaki na kunilaumu kwamba vipande vyangu ni vya mgonjwa. Na redio wakapatana. Jioni moja alimwambia Nahodha utani kuhusu mimi na miwani yangu, nikamsikia akicheka kile kicheko cha zamani cha kupiga goti. Nilikupigia siku ile nikakwambia anaendelea vizuri. Ulisema "haya," ukabadilisha mazungumzo.

Sasa ndipo tunafika kwenye lenyewe.

Wiki chache zilizopita umeme ulikatika mtaa wa juu, mashine zikazimika, bosi akaturuhusu kuondoka mchana. Nikashuka nyumbani na mkoba wangu na mkate. Mlango ulikuwa wazi. Kiti kitupu. Nikaita, kimya. Nikatazama chini ufukweni, nikaona shati lake limekunjwa vizuri juu ya jiwe, miwani yake imewekwa juu ya shati, na viatu viwili vimepangwa sambamba, ncha zikitazama maji.

Kaka, mtu anayepanga viatu vyake namna ile, unamfikiria nini? Mimi nilifikiri neno ambalo siwezi kuliandika. Miguu ilikimbia bila kuniuliza. Mbali kabisa, kupita mahali ambapo rangi ya maji inabadilika, niliona kichwa cheupe. Kikazama. Kikaibuka. Kikazama tena. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Nikaingia ziwani na viatu, na mkoba begani, na mkate mkononi, na wewe unajua siwezi kuogelea hata kwenye ndoto. Maji yalinifika kiunoni, nikajikwaa, nikanywa.

Nahodha alikuja mbio akanidaka kwa nyuma, akanivuta kama gunia huku akifoka, "Dada, toka majini, utazama wewe! Mzee wako hazami! Yule ni samaki!"

Nilimwambia ana wazimu, baba yangu hajui kuogelea, baba yangu hakuwahi kuingia hata kwenye dimbwi. Nahodha alinitazama kwa huruma. Akaniambia mzee amekuwa akiingia majini kila siku nikishaenda kazini, alianza na vifundo, akaja magoti, na sasa anaogelea kutoka mawe mpaka boya na kurudi, na mwendo wake ni wa mtu aliyelelewa majini. Alidhani najua.

Basi nikasimama pale, nimelowa, mkate umekuwa uji mkononi, nikimtazama baba yangu anakuja. Alikuwa anaogelea chali, taratibu, mikono ikipanda na kushuka bila kurusha tone, uso wake ukiwa juu kwenye jua. Sijawahi kumwona Baba na uso ule, kaka. Hata kwenye harusi yako. Alipokanyaga chini akasimama, akanipangusia tope shavuni, akasema, "Umerudi mapema."

Nikampiga kwa mkoba. Ndiyo, nimempiga baba yangu mzazi kwa mkoba uliojaa maji, mbele ya watu na bata. Kisha nikamkumbatia, nikampiga tena.

Siku iliyofuata nilimburuta zahanati. Daktari wa huku ni mama mmoja asiyependa maneno mengi. Alimpima presha, akaivua ile mashine, akaifunga mkono wa pili, akapima tena. Akasema ni nzuri kuliko yake mwenyewe. Alimsikiliza moyo, akambonyeza vifundo, akauliza anafanya nini. Baba akatazama dari. Nikajibu mimi kwamba anaogelea. Daktari akasema aendelee, ila asiende mbali, asiingie peke yake, na pawe na mtu ufukweni anayemwona. Nahodha alijitolea hata kabla hajaombwa.

Lakini mimi sikuwa nimepona. Jioni ile tulipokaa kibarazani nilimwuliza ni nani aliyemfundisha kuogelea, na kwa nini hatukuwahi kujua. Sisi, kaka, watoto tuliokatazwa kwenda na wenzetu kwenye bwawa la shule! Sisi ambao Mama alikuwa akifunika beseni la nguo kwa ubao! Baba aliniuliza kama nina hakika nataka kujua. Nikasema nina hakika. Laiti ningesema naenda kulala.

Sasa nakuomba, kama umesimama, usisome tena mpaka ukae. Na kama wifi yupo karibu, mwite.

Baba alisema kabla hajawa fundi wa kukereza vyuma alifanya kazi kwenye kivuko. Alikuwa mtu wa kamba, anayekifunga kivuko gatini kikifika. Walikaa yeye na Mama kwenye chumba cha wafanyakazi palepale kando ya maji, na wewe ulizaliwa hapo. Mimi nilikuwa bado tumboni. Kila alasiri akitoka zamu alikubeba mgongoni akaingia nawe majini. Ulikuwa mdogo, maneno yako bado nusunusu. Mama alikuwa hapendi, akimwambia ipo siku, yeye akimjibu kwamba mtoto wake atajua maji kabla ya kujua herufi.

Siku moja kivuko kiligeuza kikatupa wimbi kubwa kuliko kawaida. Lilimpiga ubavuni. Akahisi mikono yako inateleza shingoni, akageuka, hukuwepo.

Alipiga mbizi. Maji yalikuwa tope, haoni hata kiganja chake. Akaibuka, akazama. Akaibuka, akazama. Alisema jambo hili akiwa ametulia kabisa, kaka, kama anasoma orodha ya vifaa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikupata kwa mguu. Alikukanyaga. Alikutoa ukiwa wa buluu midomoni, huna pumzi, akakulaza kwenye mbao za gati akakupulizia mdomoni, akapuliza, mpaka watu wakaanza kumshika mabega wamwondoe. Mama alikuwa amefika mbio kutoka kwenye kamba ya nguo, amesimama na tumbo lake. Ndipo ukatapika maji. Ndipo ukalia.

Mama hakumgombeza hata mara moja. Alikubeba, akaingia ndani, akaanza kufunga mizigo. Akamwambia achague, maji au wao. Ndiyo sababu tulikulia katika mji usio na hata kijito. Ndiyo sababu Baba akajifunza vyuma. Na Mama akamwapisha mambo mawili: kwamba hatagusa maji maadamu yeye yu hai, na kwamba wewe hutaambiwa kamwe, usije ukakua unamwogopa baba yako.

Kaka, hukukua unamwogopa baba yako. Ulikua unaogopa maji. Nilipokuwa namsikiliza nilikuona mbele yangu waziwazi: wewe unayejipangusa uso kwa kitambaa kibichi kwa sababu huwezi kuvumilia maji yakikushukia kichwani. Wewe uliyenishika mkono darajani tukiwa safarini mpaka vidole vikafa ganzi, na ndevu ulikuwa nazo tayari. Sisi sote tulikuita Paka, nyumbani na shuleni, na wewe ukicheka nasi kwa sababu hukuwa na jibu. Nakumbuka sasa kwamba Mama hakuwahi kulitamka jina lile. Na siku niliyokwambia nampeleka Baba ziwani, ile sauti yako iliyopanda, sidhani hata wewe ulijua ilikotoka.

Sikulala. Nilikwenda kazini nikafunga lenzi ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, mteja akarudi anasema anaona ngazi zikimpandia. Nilimkasirikia Baba kwa kunyamaza. Nikamkasirikia Mama, kisha nikakumbuka kwamba Mama hawezi tena kunijibu, nikakasirika zaidi. Halafu nikamfikiria yeye akiwa na mimi tumboni juu ya zile mbao, nikaishiwa hasira.

Tangu aniambie, Baba hajaingia tena ziwani. Nahodha huja kumwita, yeye husema kesho. Nilipombana alisema anaona aibu kupona. Ndivyo alivyosema, maneno yake haya haya: "Maji yaliyotaka kumchukua mtoto wangu ndiyo yananipa usingizi. Mimi ni baba wa namna gani?" Anasema Mama amekufa, kwa hiyo kiapo cha kwanza kimekwisha na hakumvunjia. Cha pili amekivunja kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa mwenye haki ya kumwambia aingie au atoke ni wewe tu. Ukisema atoke, atarudi ghorofani kule kwenye mabasi, na hatalalamika. Kiti ameshakigeuza kinatazama ukuta. Miguu imeanza kujaa tena. Daktari mama amempima akakunja uso.

Mimi sikulazimishi. Sijui hata ningekuwa wewe ningefanya nini. Labda utakasirika mwezi mzima, na ni haki yako, kasirika. Lakini ukimaliza, tafadhali usinipe mimi ujumbe wa kumpelekea. Mwambie mwenyewe. Na ukiweza kuja, njoo. Hakuna atakayekuambia uguse maji. Kibaraza kipo juu, maji yapo chini, tutakaa watatu, na ukitaka tutavigeuza viti vyote vitatu vitazame ukuta.

Nisalimie wifi sana, umwambie nampenda na nampa pole kwa usiku atakaokesha na wewe. Wabusu watoto, uwaambie shangazi yao anawawekea zamu ya kupanda bata. Majirani wa zamani ukiwasiliana nao wape salamu zetu. Mungu akutunze na akupe moyo mpana.

Ni mimi, mdogo wako wa pekee.

Nimefungua bahasha tena. Baba aliomba kusoma kabla sijaipeleka, nikampa. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akakaa nayo mapajani mpaka jua likahama kibarazani. Halafu akaomba kalamu. Yaliyo hapa chini ni mwandiko wake, sijagusa kitu.

Mwanangu mkubwa. Mdogo wako ameeleza sawasawa. Ila jambo moja halijui kwa sababu sikumwambia, na mama yako hakuliona kwa sababu alikuwa anaanika nguo. Kabla ya lile wimbi ulikuwa unacheka. Ulikuwa umenishika nywele kwa mikono miwili, unaniambia, Baba, tena.

Baba yako.